"Tutaleta mfumo": historia fupi ya rejista ya mali, kutoka gati la Kisumu hadi jenereta isiyokuwepo

Uzi. Mrefu kidogo, chukua chai.

Kila mdahalo wa kaunti huku ufuoni una dakika yake ya hii mada. Mtu kwenye umati anauliza, "Mali ya wananchi iko wapi? Magari, trekta, mashine za hospitali?" Mgombea wa kwanza anasema aliyemtangulia hakuacha rejista. Wa pili anasema yeye akiingia ataleta mfumo wa kidijitali, kila kiti na kila gari ndani ya kompyuta, na wizi utaisha. Makofi. Mdahalo unahamia maji na barabara.

Sitamtaja mtu wala chama, mnajua hapa si pahali pa hayo. Nataka tu tuelewe wanabishania nini. Mimi nimewahi kuwa yule kijana wa kubandika stika kwenye viti vya serikali, na kuna kitu nilibofya siku moja ambacho bado kinanisumbua. Nitafika huko.

Tuanzie mbali kwanza.

Mwishoni mwa karne ya 19 kuna meli ndogo ya mvuke iliitwa William Mackinnon. Iliundwa Scotland, ikafungwa kwa bolti ili waone kama inashikana, halafu ikafunguliwa yote. Kila kipande kikapigwa namba. Vipande vikasafirishwa kwa bahari hadi Mombasa, na kutoka huko vikaanza safari ya bara wakati reli yenyewe haijafika ziwani. Meli ilishushwa majini 1900. Reli ikafika Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, Desemba 1901.

Hebu fikiria hiyo kazi. Mtu amesimama kwenye matope ya ziwa na karatasi mkononi, anaita namba, mwingine anatafuta bamba la chuma lenye namba hiyo. Likikosekana moja, maji yanaingia. Hiyo ndiyo rejista ya mali katika umbo lake la kwanza kabisa: orodha na kitu vinakutana, na visipokutana mnajua siku hiyohiyo, si miaka sita baadaye kwa ripoti ya mkaguzi.

(Najua kuna atakayeandika kwa maoni, "hiyo ni ya mkoloni." Ndiyo, ni ya mkoloni. Na kwenye orodha ile kila bolti ilikuwa na namba, lakini mpagazi aliyeibeba hakuwa nayo. Hilo nalo ni somo kuhusu rejista: mwenye kuandika ndiye anaamua nini kinahesabiwa.)

Baba yangu alikuwa karani wa stoo ya reli hapa Kisumu, enzi za East African Railways. Alikufa akiwa bado anaita kabati la jikoni "stoo ndogo". Alituambia kila aina ya kipuri ilikuwa na kadi yake, imening'inizwa palepale rafuni. Ukitoa nati kumi, unaandika kumi, unatia sahihi, unaandika zilizobaki. Mkubwa akija ghafla anachukua kadi moja bila kuchagua, anahesabu nati kwa mkono. Zikipungua mbili, una maneno. Tukikosa kijiko nyumbani Mzee alikuwa anauliza jambo moja tu: "Nani alikitia sahihi mara ya mwisho?"

Halafu ikaja 1977, Jumuiya ikavunjika.

Hapa ndipo watu wengi wa rika langu hawajui vizuri, na ndiyo sababu nimeandika uzi. Nchi tatu zilikuwa zinamiliki pamoja reli, bandari, ndege, posta, meli za ziwani. Kitu cha pamoja. Siku ya kuvunjika hakukuwa na orodha moja ambayo wote watatu walikubali. Basi, kama alivyosema Mzee, hakuna aliyeuliza kitu ni cha nani. Waliuliza kimelala wapi. Behewa lililokuwa Kenya likawa la Kenya. Lililokuwa Tanzania likawa la Tanzania. Meli zikaenda hivyohivyo: MV Uhuru ikabaki kwetu, dada yake MV Umoja ikawa ya Tanzania, MV Victoria pia ikaenda Tanzania. Ziwa ni lilelile, gati zilezile, ila bendera imebadilika.

Benki ya Dunia ilimleta msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht. Alihesabu, akathamini, akabishana na serikali tatu kwa miaka. Mkataba ulitiwa sahihi Arusha Mei 1984, miaka saba baada ya kuvunjika. Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kwa kuwa kila mtu alishakaa na alichokuwa nacho, Uganda ilibaki na pungufu ya fungu lake, ikatakiwa ilipwe fidia na hao wawili. Pensheni za wafanyakazi zikagawiwa kila nchi ibebe za watu wake, na bado wazee waliofanyia Jumuiya kazi upande wa Tanzania walionekana wakiandamana Dar es Salaam miaka ya 2000 wakidai haki yao. Hesabu ya mabehewa na hesabu ya uzee wa mtu zilikuwa kwenye faili moja.

Baba alikuwa na neno moja kuhusu miaka ile, na alilisema bila hasira: orodha ikikosekana, mwenye kushika ndiye mwenye mali.

Mkilishika hilo, mmeelewa 2013.

Machi 2013 mabaraza yote ya zamani, ya jiji, manispaa, miji na kaunti za kale, jumla 175 nchi nzima, yalifikia mwisho na kaunti 47 zikaanza. Ni 1977 ndogo ndogo, 47 kwa mpigo. Sheria ilijua hatari. Ile ya 2012 ya mpito iliunda Mamlaka ya Mpito, ikaipa kazi ya kukagua mali na madeni, na ikapiga marufuku kuhamisha mali bila idhini yake, maana kila mtu aliogopa kwamba madiwani na makarani wa mwisho wangegawana wakiondoka.

Lakini kupiga marufuku si kuhesabu. Mamlaka ile muda wake uliisha 2016 kazi ikiwa haijafungwa, ikarithiwa na kamati ya kiufundi ya mahusiano kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na 2017 kukaundwa kamati kila kaunti za kutambua na kuthibitisha mali za mabaraza. Angalia hizo tarehe tena. Mabaraza yamekufa 2013, watu wanatumwa mashinani kuhesabu 2017. Miaka minne. Kwa miaka minne kwenye stoo ya baraza hata panya amebadilisha makao.

Kisumu mzigo ulikuwa mkubwa kuliko kaunti nyingi kwa sababu mji wetu ni wa zamani na ulikuwa na vitu: nyumba za kupangisha za Arina, Makasembo, Ondiek, masoko, viwanja, mashine za barabara, magari yenye nambari za zamani. Ukiona gari la kaunti leo lina nambari ya 42CG hilo limesajiliwa kama la kaunti ya Kisumu. 42 ndiyo sisi. Swali zuri ni la yale yaliyorithiwa, ambayo logibuku bado inasoma jina la baraza lililokufa, au logibuku haipo kabisa. Ukisoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti, yoyote, mwaka wowote, utakutana na wimbo uleule: rejista haijakamilika, ardhi haina hati, magari hayana vitabu.

Kwa hivyo mgombea wa kwanza, yule wa "sikuachiwa rejista", mara nyingi anasema kweli. Shida ni kwamba kanuni za fedha za kaunti za 2015, kanuni ya 136, zinamfunga afisa mhasibu wa kila idara kutunza rejista ya mali iliyo chini yake. Haisemi "ukiachiwa". Ukikaa miaka mitano bila kuhesabu, wewe sasa ndiye unayemwachia mwenzako shimo.

Sasa mgombea wa pili, wa mfumo.

Tuelewane, sipingi mfumo. Programu ya kusimamia mali ikifanya kazi ni kitu kizuri sana. Kila kitu kina namba, stika yenye milistari ya kusomwa na simu, tarehe ya kununuliwa, bei, pahali kilipo, jina la anayekitunza, makadirio ya kitaishi miaka mingapi. Ambulensi ikifika kilomita kadhaa inakukumbusha servisi. Jenereta ikifanya kazi saa kadhaa inakwambia badilisha oili. Daktari akihamishwa, haondoki mpaka laptopu irudi. Nimeona ikisaidia: kituo kimoja tulikuta darubini mbili zimefungiwa stoo tangu zitoke kwa katoni, na kituo kingine, mwendo wa nusu saa kwa matatu, wanatuma sampuli mbali kwa kukosa moja. Hapo mfumo ulilipa gharama yake mchana mmoja.

Kazi yangu ilikuwa ya kibarua, miezi mitatu, katika mojawapo ya kaunti tano za ufuo. Sitaitaja, wala kampuni iliyotuajiri. Tulipewa tableti, mashine ya kuchapa stika, na orodha ya zamani iliyotolewa kwenye Excel. Kazi: nenda kituoni, tafuta kitu, bandika, piga picha, jaza, hifadhi.

Mambo madogo yalitupiga kwanza. Stika haishiki kwenye injini ya boti. Joto, mafuta, maji, wiki mbili imeanguka, na nyingine ilibandikwa upya kwenye mlango wa choo na watoto. Injini ya boti unachonga namba kwa chuma, kama wale wa Scotland. Visiwani mtandao hakuna, kwa hivyo unajaza nje ya mtandao na kutuma usiku ukirudi bara, na tableti ikizima kabla ya hapo umepoteza siku. Jina la mtunzaji wa kitu, kwenye nusu ya rekodi nilizopata, lilikuwa la mtu aliyehamishwa zamani au aliyestaafu. Mmoja alikuwa marehemu. Mfumo ulikuwa unamdai marehemu friji.

Halafu ile zahanati.

Iko karibu na maji, ukisimama mlangoni unaona mitumbwi. Orodha ilisema: jenereta moja, pahali ni zahanati, hali ni nzuri. Nikamuuliza sista aliyekuwa zamu. Akanipeleka nyuma ya jengo. Kulikuwa na sakafu ndogo ya zege, bolti nne zimesimama, na doa la oili lililokauka. Basi.

Nikamwambia, "Sista, hapa imeandikwa iko."

Akasema, "Kijana wangu, mimi nina miaka sita hapa na hiyo jenereta sijawahi kuiona kwa macho. Nimeomba mara tatu waniletee. Mara tatu wananijibu ninayo."

Stima ikipotea alikuwa anatoa chanjo kwenye friji, anazipanga kwa kasha la barafu, anapanda boda hadi kituo cha jirani. Usiku, mama akijifungua, ni tochi ya simu. Hiyo ndiyo sehemu ambayo midahalo haiigusi. Watu wanadhani rejista mbovu maana yake ni kitu kuibiwa. Huo ni nusu ya uchungu. Nusu nyingine ni kwamba kitu hewa kwenye orodha kinakaa kwenye nafasi ya kitu halisi. Kwenye bajeti yule sista alikuwa ameshahudumiwa.

Sasa tableti. Sehemu ya "hali" lazima ujaze, la sivyo haihifadhi. Machaguo yalikuwa matatu: nzuri, wastani, mbovu. Hakukuwa na "haipo". Nikampigia msimamizi. Tulilipwa kwa siku lakini yeye alihesabiwa rekodi zilizokamilika, na jioni ilikuwa inaingia. Akaniambia, "Weka mbovu, andika maelezo, songa."

Nikaweka mbovu. Kwenye maelezo nikaandika: haipo, kuna bolti nne tu. Nikapiga picha ya zege.

Wiki za mwisho nilisaidia kuchapa orodha ya idara. Safu ya maelezo haikuwemo. Ilikuwa ndefu, ilikuwa inaharibu ukurasa, mtu akaiondoa. Ilibaki: jenereta, moja, mbovu.

Ngoja nieleze kwa nini hilo ni baya kuliko linavyoonekana. Chini ya sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya 2015, kitu kibovu au kisichohitajika kinapelekwa kwa kamati ya kuondoa mali. Kamati inapendekeza: kiuzwe kwa zabuni, kipigwe mnada, kihamishiwe taasisi nyingine ya umma, au kitupwe kama taka. Ni utaratibu mzuri kwa kitu kilichopo. Kwa kitu kisichokuwepo, ni sabuni. Jenereta iliyoondoka usiku inaingia orodha ya vibovu, inaonekana "imeuzwa pamoja na vyuma chakavu vingine", na kitabu kinakuwa safi. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa ile. Ninachojua ni kwamba mlango niliufungua mimi, kwa kidole, saa kumi na moja jioni.

Mzee alikuwa bado hai wakati huo. Nilimsimulia. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Na nani alitia sahihi alipoipokea?" Nikamwambia mfumo hauna sehemu hiyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Maana ukienda stoo yoyote ya serikali Kenya hii, hata leo, kuna karatasi mbili ambazo kila mtunza stoo anazijua hata usingizini: S13, kitu kinapoingia, na S11, kinapotoka. Zina sahihi. Zinachosha, zinachakaa, zinaliwa na mchwa, lakini zinataja mtu. Mfumo wetu ulijua jenereta ina kVA ngapi na longitudo gani. Haukujua ni nani aliwahi kusimama mbele yake akasema nimeipokea mimi.

Kuna jambo la hesabu pia, nitapita haraka. Kwa miaka mingi kaunti ziliandika hesabu kwa msingi wa pesa taslimu. Ukinunua gari la milioni nane, umetumia milioni nane, stori imeisha. Gari lenyewe linaishia kwenye kiambatisho cha nyuma ambacho hakuna anayekisoma. Kuanzia Julai 2024 serikali ilianza kuhamia hesabu ambazo mali yenyewe inaonekana, na thamani yake na uchakavu wake, na zimepewa miaka kadhaa ya kujipanga. Hiyo ndiyo sababu midahalo ya siku hizi imejaa neno "mfumo". Si uzalendo wa ghafla. Kila kaunti inatakiwa ipate tarakimu ya kuanzia, na tarakimu hiyo inatoka kwa vijana kama mimi wenye tableti.

Na mkisikia "mashine za hospitali" kwenye mdahalo, ulizeni kwanza ni zipi. Zile zilizokuja kuanzia 2015 chini ya mpango wa kitaifa, kwa hospitali mbili kila kaunti, zilikuwa za kukodi. Kaunti zilikatwa pesa kila mwaka kwa mashine ambazo si zao, na nyingine zilikaa bila kazi kwa kukosa stima ya kutosha au mtu wa kuziendesha. Mgombea anaweza kuzihesabu kama mafanikio yake na mpinzani akazihesabu kama wizi, na wote wawili wakawa hawajaangalia kama zilipaswa kuwa kwenye rejista hata.

Kwa hivyo mtu akisimama mbele yenu aseme ataleta mfumo, msimpigie makofi wala msimzomee. Muulizeni: orodha ya kuanzia imetoka wapi? Nani alikwenda kuona kwa macho, tarehe gani? Kituo kikikosa kitu, kuna pahali pa kuandika "hakipo", na ikiandikwa hivyo nani anapigiwa simu asubuhi? Afisa akihamishwa, makabidhiano yanatiwa sahihi na nani? Na mwananchi wa kawaida, mvuvi wa pale, anaweza kusoma orodha ya zahanati yake imebandikwa ukutani? Huyo mvuvi anajua kama kuna jenereta. Anaisikia ikinguruma au haisikii.

MV Uhuru, kwa wanaouliza, ilikaa gatini miaka mingi bila safari, halafu 2019 ikarudi kazini. Haikuwahi kupotea kwenye orodha yoyote. Meli ni kubwa mno kubebwa usiku.

Na ile jenereta. Sheria ya kupata habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuomba rekodi ya ofisi ya umma, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nimeandika barua. Nimeomba karatasi mbili tu, ya kupokelewa kwake na ya kutolewa kwake kama imetolewa. Nimemtumia sista nakala. Bado yuko palepale, na sakafu ya zege wameifanya pahali pa kuanikia mashuka.

Leo ni siku ya tisa.